Siku moja maishani mwangu: leo tunainua Hilux, Unga Limited Arusha

Saa 12 asubuhi
Arusha mwezi wa saba baridi yake sio ya kitoto, nje bado kiza na Meru imejifunika mawingu. Chai nakunywa nimesimama, nadandia kifodi hadi Kilombero halafu naingia Unga Limited kwa miguu. Mimi ni fundi wa miguu ya gari, yaani springi, shokapu, bushi (zile raba za kwenye maungio), boljointi (viungo vya duara vinavyoacha tairi ipinde na kupanda). Injini sijui na sijifanyi najua, ukija na injini nakuvusha kwa jirani.

Saa 1 na nusu
Dogo, kijana ninayemfundisha kazi, ameshafika ameshafagia, "shikamoo fundi", marahaba, washa redio tuanze. Gari ya leo ni Hilux Vigo dabo kebini, bosi wake anapeleka chakula na mitungi ya gesi kwenye kambi za watalii Kogatende, kule kaskazini mwa Serengeti karibu na mto Mara. Msimu huu nyumbu wako huko, wageni wako huko, kwa hiyo hii gari hailali. Mbele amefunga bampa la chuma na winchi, ile mashine ya kujivuta ukikwama, vyote viwili vinakaribia kilo 100, halafu springi ni zile zile ilizotoka nazo kiwandani. Ukiitazama kwa ubavu pua imeinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Shokapu za mbele zote zimevuja, oili imetiririka ikashikana na vumbi hadi imekuwa tope gumu. Hizo ni zile rasta, vile vituta vidogo vidogo vya barabara ya changarawe, za kutoka Ngorongoro kwenda geti la Naabi, pale shokapu inapigwa haraka haraka kwa muda mrefu hadi oili ya ndani inachemka, ukishuka ukaigusa unaungua.

Saa 2
Bosi kaingia na miwani yake.

"Fundi, nipe inchi nne, gari ionekane."

"Bosi, inchi nne kwenye hii mwezi ujao utanitafuta kwa fimbo."

Nikamuinamisha chini ya gari nikamwonyesha. Vigo mbele kila tairi inajitegemea, ina shafti yake na sivi jointi zake, vile viungo vya shafti vinavyokaa ndani ya buti za raba, na difu, lile boksi la gia linalozungusha shafti, limefungwa kwenye chesisi. Ukiinua bodi difu linapanda nalo ila tairi zinabaki chini, shafti zinakaa mshazari, pembe ikizidi buti za sivi zinakunjana zinasuguana zinachanika, grisi inatoka mchanga unaingia, kwisha habari. Inchi mbili, milimita 50 hivi, hapo mimi nalala usingizi. Kaguna, kakubali, maana bei ya sivi za Vigo anaijua.

Siku hizi watu wengi wanataka spesa tu, kile kichuma cha duara kinachokaa juu ya kofia ya shokapu, bei chee na gari inanyanyuka kweli. Ila kuna hesabu hapo inapiga chenga hata mafundi: shokapu imeshika karibu na katikati ya kontroli ami, ule mkono wa chuma unaoshika tairi, haijashika mwishoni kwenye tairi, kwa hiyo spesa ya milimita 25 inakuinulia gari karibu 50. Sasa mtu ananunua spesa ya 50 anasema ndio inchi mbili, anapata karibu nne, na kila tairi ikidondokea shimoni boljointi ya juu inafika mwisho wake inalia kwa! Gari isiyo na uzito mbele ukiiwekea spesa ya kiasi sina ugomvi. Hii yenye winchi hapana, spesa haiongezi nguvu ya springi hata kidogo, inakunyanyulia uchovu ule ule. Bahati nzuri bosi alishaleta seti kamili ya Old Man Emu, springi nzito za mbele na shokapu zake, nyuma springi za majani mpya. Waaustralia wale barabara mbovu wanazijua.

Saa 3 kasoro
Futi mkononi. Napima kutoka katikati ya habu, kile kitovu cha tairi, hadi ukingo wa fenda, kuanzia chini sipimi, maana upepo wa tairi ukitofautiana kidogo tu unadanganywa. Mbele sentimita 48, nyuma 54. Naandika kwa chaki ukutani, bosi naye anapiga picha ukuta.

Saa 3 hadi saa 7
Mbele ndio kwenye kazi. Jeki, stendi chini ya chesisi, tairi nje, kalipa ya breki naining'iniza kwa waya isivutane na hozi yake, linki za stabilaiza natoa, boljointi ya juu naipiga nyundo ubavuni mwa nako, kile chuma kinachobeba habu, hadi inaachia yenyewe, halafu bolti ya chini ya shokapu. Juu kuna nati tatu za 14 zimezunguka, na katikati kuna moja ya peke yake. Nimegeuka kuchukua kitambaa, kurudi nakuta dogo kashaweka spana kwenye ile ya katikati anajiandaa kuvuta.

"Oya chalii! Hiyo acha! Toa mkono!"

Kaganda. Nikamkalisha chini nikamwambia, ile nati ndiyo imeshikilia springi yote, ukiifungua springi haijabanwa na klampu kofia inaruka na kichwa chako kiko juu yake. Zile tatu zinatoa mguu mzima kwenye gari, ya katikati inafunguliwa mezani, klampu mbili zimekaa pande mbili zinatazamana, unakaza huku kidogo kule kidogo, na wewe unakaa pembeni, mbele ya springi hukai hata kama una haraka gani. Hizi springi mpya ni nene kuliko za zamani, klampu zinalia ukizikaza. Dogo amefanya wa pili mwenyewe, nimesimama tu namwangalia mikono.

Kilichokula muda ni bolti za kamu za kontroli ami ya chini. Hizo zina kishale na mistari, ukizungusha ndio unarekebisha mguu wakati wa alaimenti, yaani kunyoosha tairi, na gari la porini miaka nenda rudi hazijaguswa, kutu inaishika bolti na chuma cha ndani ya bushi vinakuwa kitu kimoja. Jana jioni tulizimwagia mafuta ya kutu makusudi, tatu zimekubali, ya nne kulia mbele imegoma kabisa, nati imetoka bolti haizunguki. Moto siupendi pale, bushi ni raba itaungua, nikakata kwa grainda pande zote mbili, dogo kapanda boda kwenda kununua bolti na bushi mpya. Ukiacha bolti kama hiyo ukafunga springi ukamrudishia mtu gari, atafika kwenye mashine ya alaimenti waanze kukuita majina.

Saa 7 na nusu
Mama ntilie, makande na parachichi. Nimekula kwa fujo.

Saa 8 na nusu
Nyuma ni kazi ya nguvu zaidi kuliko akili. Ekseli naishika na jeki, yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, nazikata moja kwa moja, za zamani sirudishi maana zikishavutwa mara moja hazikazi tena vile. Springi mpya inapanda, senta bolti ikae kwenye tundu lake la ekseli, yubolti mpya nakaza kwa msalaba kidogo kidogo.

Halafu kuna kitu wengi wanakiruka. Hii Vigo haina ABS, ule mfumo wa kompyuta wa kuzuia tairi zisigande ukifunga breki, ina vali ya breki ya nyuma yenye kifimbo kinachotoka kwenye ekseli kwenda kwenye chesisi. Ukipakia mzigo chesisi inashuka, fimbo inapanda, vali inajua kuna mzigo inaongeza breki za nyuma. Sasa wewe umeinua chesisi, vali inadhani gari ni tupu siku zote, umepakia mitungi ya gesi unashuka kreta breki za nyuma zinakuja nusu. Nimetengeneza kibraketi cha kunyanyua mguu wa ile fimbo hadi ikarudi pembe yake ya mwanzo. Dakika kumi na tano za kuchomelea. Hozi ya breki ya nyuma nayo nikaishusha kwenye kishikizo chake, nikaning'iniza ekseli hadi mwisho kuona kama inavutika, bado imelegea, safi.

Saa 10
Gari chini, tairi zote zinagusa sakafu, dogo kapanda bodi anarukaruka springi zikae. Hapo ndio nakaza bolti za bushi, mbele na nyuma. Ukizikaza gari liko juu ya stendi raba inakamatwa ikiwa imejinyonga, na inajinyonga zaidi kila saa unayoendesha hadi inapasuka. Futi tena: mbele 53, nyuma 57. Pua imepanda.

Saa 10 na nusu
Alaimenti kwa jirani mwenye mashine. Nilijua kasta, ule mlalo wa mguu wa mbele unaofanya gari inyooke, itakuwa imepungua, gari zikiinuliwa mbele ndivyo zinavyofanya, steringi inakuwa nyepesi mno na gari inatangatanga kwenye lami. Zile bolti za kamu zimezunguka vizuri, kijana wa mashine kasema "hizi za nani leo hazijanitoa jasho". Nikaitoa kwenda Kwa Mrombo kwenye matuta, nikarudi kwa baipasi, mikono nimeachia kidogo, inanyooka.

Saa 1 usiku
Kiza kimeingia, nimeiegesha mbele ya ukuta kushusha taa, maana mbele imepanda na ukiacha hivyo madereva wa mabasi watakutukana hadi Makuyuni. Bosi kamalizia hela ya ufundi, nikamwambia kilomita 500 arudi tukaze yubolti, hiyo bure. Kazunguka gari, kachuchumaa, kasimama, eti ana Land Cruiser 79 ya kaka yake, hiyo si inapokea inchi nne? Nikamwambia ile ina ekseli nzima mbele, habari za shafti mshazari hazipo vile, ila kasta utainunulia bushi zake na hozi za breki ndefu, ailete Jumamosi niingie chini niione kwanza.