Gongo Halinunuliwi Kama Sweta

Binti yangu alipoanza hoki ya barafuni akiwa na miaka minane, nilimnunulia gongo kwa akili ile ile ninayonunulia sweta: kubwa kidogo, atakulia humo humo. Sweta likizidi unakunja mikono, maisha yanaendelea. Gongo lenyewe lilikuwa zuri kweli. Jeusi, jepesi, la nyuzi za kaboni, bapa, ile sehemu pana ya chini inayogusa barafu, limepinda vizuri, na juu kwenye mpini pameandikwa 50. Niliiona hiyo 50 nikadhani ni namba ya toleo.

Siku ya kwanza kuingia nalo barafuni nilikaa pembeni nikimtazama, kifua mbele. Dakika kumi hazikupita kifua kikarudi mahali pake. Mtoto alikuwa amelishika gongo katikati ya mpini kama mtu anayebeba mwiko, kwa sababu akilishika juu hawezi kuliongoza. Kila alipotaka kuhamisha paki, kile kisahani cha mpira kinachochezewa, upande wa pili wa mwili, kichwa cha mpini kilimchoma tumboni. Na paki ikija kwake, hata ije taratibu vipi, inampitia chini ya ncha ya bapa na kwenda zake. Mara ya tatu akageuka kuniangalia. Mimi nikamwonyesha dole gumba. Sijui nilikuwa nampongeza kwa lipi.

Nyumbani niligeuza gongo nikalitazama chini. Bapa huzungushiwa tepu ya kitambaa, kuanzia kisigino, pale bapa linapoungana na mpini, mpaka kwenye ncha. Tepu hiyo ni kama shajara, inaandika kila kinachotokea barafuni. Ya binti yangu ilikuwa imelika kisiginoni hadi kaboni inaonekana, nyuzi zimechanika na kulowa. Kwenye ncha ilikuwa mpya kabisa, kama nimeibandika asubuhi ile. Maana yake bapa halikulala. Lilikuwa limesimama kwa kisigino, ncha iko hewani, na paki inapita chini yake. Gongo likiwa refu mno, mtoto hulisukuma mbali na miguu, mpini unalala, ncha inanyanyuka.

Kipimo cha urefu ni rahisi, na nakiri ningekijua kabla ningepunguza aibu. Mtoto asimame wima bila viatu vya kuteleza. Simamisha gongo mbele yake, ncha ya bapa ikigusa sakafu, mpini umenyooka juu. Liishie puani. Akiwa amevaa viatu vya kuteleza, ambavyo vinamwongezea sentimita kadhaa, liishie kidevuni. Beki anaweza kupenda refu kidogo ili afikie paki mbali. Anayependa kukokota na kupiga chenga atapenda fupi zaidi. Mtoto anayeanza hana habari na hayo, mpe la puani mwache. Hata kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, urefu una mwisho wake: inchi 63 kutoka kisigino hadi kichwa cha mpini, na beki Zdeno Chara aliruhusiwa inchi 65 kwa kuwa alikuwa na urefu wa mita 2 na zaidi. Binti yangu hakuwa na mita moja na nusu, na gongo nililomnunulia lilimpita kichwa.

Basi nikachukua msumeno wa chuma.

Hapa ndipo nilipoharibu zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Nilipima, nikaweka alama kwa kalamu, nikavaa barakoa (vumbi la kaboni si la kuvuta, na linawasha mikononi kama upupu), nikakata. Kipande kilichodondoka kilikuwa na urefu wa shubiri moja hivi. Nilipokiokota ndipo nikaona kimeandikwa pembeni kwa maandishi madogo, vistari vimepangwa kama kwenye rula: juu 50, chini yake 55, chini yake 60, chini kabisa 65. Vistari vyote vilikuwa kwenye kipande. Kwenye gongo hakikubaki hata kimoja. Mimi nilifurahi tu kwamba sasa limefika puani.

Kwenye mazoezi yaliyofuata aliweza kukokota. Hakuna tena kuchomwa tumbo. Lakini kupiga hakuweza. Anasukuma paki, paki inasogea kama imechoka, haipandi hewani hata kidole kimoja. Wenzake wadogo kuliko yeye walikuwa wakiinua paki mpaka kwenye nyavu. Akaja ukingoni, helmeti imemwinamia machoni, akaniambia, "Baba, hili siyo gongo. Hili ni nondo."

Kocha alilichukua, akaegemeza bapa sakafuni, akabonyeza katikati ya mpini kwa mkono wake wa mtu mzima. Likapinda kidogo tu. Akaniuliza binti ana kilo ngapi. Nikamwambia 26. Akacheka, kicheko cha upole, lakini kicheko.

Ile namba 50 ndiyo mnyumbuko. Ni nguvu, kwa pauni, inayohitajika kuupinda mpini kwa inchi moja. Namba ikiwa ndogo gongo linapinda kirahisi, ikiwa kubwa linakaidi. Na kupinda huko si pambo, ndiko kunakozaa shuti. Mchezaji anapopiga, bapa hugusa barafu nyuma kidogo ya paki, uzito wa mwili unalala juu ya mpini, mpini unajikunja kama upinde wa mshale, kisha unajinyoosha na kuirusha paki. Tazama picha yoyote ya mchezaji mkubwa akipiga shuti, utaona mpini umejipinda mpaka unaogopa utakatika. Mtoto asiyeweza kuupinda mpini wake anapiga kwa mikono mitupu. Anajifunza kusukuma paki badala ya kuipiga, na tabia hiyo ikishamkaa kuiondoa ni kazi nyingine.

Kanuni wanayoitumia wengi ni nusu ya uzito wa mtoto kwa pauni. Sisi tunaopima kwa kilo tuna bahati, maana hesabu inakuwa nyepesi: namba ya mnyumbuko inakaribiana na kilo zake, ongeza kidogo. Kilo 26, gongo la 30 hivi. Mimi nilinunua 50. Halafu nikalikata. Mpini mfupi haupindiki kama mrefu, jaribu kijiti chochote utaona, na ndiyo sababu ya vile vistari: vilikuwa vinaniambia ukikata hapa limekuwa 55, ukikata hapa 60, hapa 65. Mimi nilikata chini ya vyote. Kwa hiyo mtoto wa kilo 26 alikuwa ameshika gongo la kijana mwenye ndevu. Nondo kweli.

Jambo ambalo ningetamani mtu angenishika sikio aniambie ni hili: magongo ya watoto si magongo ya wakubwa yaliyofupishwa. Yapo makundi manne, la watoto wadogo, junia, intamidieti na sinia, na tofauti yake ni pamoja na unene wa mpini, ukubwa wa bapa na huo mnyumbuko. La watoto wadogo huwa la 20 na kitu mpaka 30 na kitu, junia 40 hadi 50 hivi, na sinia huanzia 70 hivi. Kiganja cha miaka minane hakiwezi kuzunguka mpini wa sinia hata ukiukata ubaki kama rungu. Umri ulioandikwa kwenye lebo usiutegemee sana. Mpime mtoto wako kwa mizani na kwa pua yake.

Kabla hatujaachana, kocha akaniuliza swali lingine. Kwa nini nilichagua la kulia? Nikajibu kwa kujiamini: anaandika kwa mkono wa kulia. Hakubishana. Alikwenda akaleta fagio, akalitupa mbele ya binti yangu, akamwambia fagia hapo. Mtoto akalishika bila kufikiri, mkono wa kulia juu, wa kushoto chini, akaanza kufagia. Kocha akanitazama tu.

Gongo la kushoto ni lile ambalo mkono wa kushoto unakuwa chini, la kulia ni mkono wa kulia chini. Watu wengi wanaoandika kwa kulia huona raha mkono huo ukiwa juu, kwa sababu wa juu ndio usukani. Wa chini unasaidia kusukuma na mara nyingi huachia kabisa. Nchini Kanada wachezaji wengi hupiga kwa kushoto, na si kwamba taifa zima ni la mashoto. Wapo pia wanaoandika kwa kulia na kupiga kwa kulia, na hakuna ubaya. Cha msingi usiamue wewe. Mpe fagio, usimwambie kitu, uangalie. Mara mbili tatu, siku tofauti. Nami kwa ununuzi mmoja tu nilikuwa nimekosea urefu, mnyumbuko na mkono. Nadhani rangi peke yake ndiyo niliyopatia.

Kuhusu mpindo wa bapa sina maneno mengi. Zamani mabapa yalikuwa yamenyooka. Miaka ya 1960, Stan Mikita wa Chicago Blackhawks alikuwa mazoezini na gongo lililovunjika likapinda, akaona paki inaruka kwa namna nyingine, na yeye na mwenzake Bobby Hull wakaanza kuyapinda makusudi mpaka ligi ikaweka kikomo. Kwa sasa NHL inaruhusu robo tatu ya inchi. Kwa mtoto, chukua mpindo mdogo au wa wastani. Bapa lililopinda sana linainua paki haraka, mtoto anafurahi, lakini pasi ya upande wa nyuma wa bapa inamtoroka, na nusu ya mchezo huu ni upande wa nyuma. Wauzaji watakueleza pia habari za sehemu ya mpini inayopinda zaidi, chini au katikati. Sikiliza kwa adabu. Kwa kilo 26 haina maana.

Mbao au kaboni? Mbao ni nzito zaidi lakini inavumilia, na inafundisha mkono kuhisi paki. Kaboni ni nyepesi, na ikipata ufa inakatika bila taarifa. Nilichukua kaboni ya kawaida, ile ya chini kabisa kwenye rafu. Kwa mtoto anayekua kila msimu, ile ya bei ya juu ni ya kumfurahisha mzazi.

Gongo la pili lilikuwa la watoto wadogo, la 30, la kushoto, na safari hii nilikwenda naye mwenyewe amevaa glavu zake, kwa sababu mpini mnene kidogo tu unakataa ndani ya glavu. Sikulikata. Lilifika puani lenyewe. Nilizungusha tepu kichwani mwa mpini kutengeneza kifundo kidogo ili mkono usichomoke, na nyingine kwenye bapa, kisha nikasubiri mazoezi matatu kabla ya kulisoma. Kisigino kilikuwa kimelika tena! Si sana, lakini zaidi ya ncha. Urefu sasa ulikuwa sawa, kwa hiyo lililobaki ni mlalo, yaani pembe kati ya bapa na mpini. Mlalo huandikwa kwa namba, mara nyingi kati ya 4 na 6. Kisigino kikilika, tafuta namba ndogo zaidi. Ncha ikilika, namba kubwa zaidi. Binti yangu anacheza ameinama sana, magoti yamekunjwa, kama anatafuta hereni iliyoanguka. Kocha akasema tusihangaike bado, mtoto bado anabadili mkao kila mwezi. Akawa sahihi, tepu ya mwezi wa pili ililika katikati.

Na paki ikapanda. Ilikuwa ile ya buluu ya watoto, ya gramu 113, si nyeusi ya gramu 170, lakini ilipanda. Niliuona mpini ukijikunja, kidogo tu, kama unyasi kwenye upepo, halafu paki ikagonga mwamba wa goli. Hakufunga. Alishangilia hivyo hivyo.

Kile kipande chenye vistari bado kipo kwenye kabati. Wiki iliyopita alikichukua akapimia nacho mpini wake, akawa ananiuliza 65 maana yake nini. Nikamweleza. Kisha akasimama mbele yangu na soksi, gongo la 30 wima mbele ya uso wake.

"Baba, mbona linaishia kidevuni?"

"Panda kwanza kwenye mizani," nikamwambia.