Fokasi: lini uiachie kamera, lini ushike lenzi mwenyewe

Kabla ya kubonyeza rekodi, angalia kitu kimoja: umbali kati ya lenzi na unayempiga unabadilika au la? Ukibadilika kila hatua, iachie kamera itafute fokasi yenyewe (yaani sehemu ya picha itakayoonekana kali, bila ukungu). Ukiwa ule ule, lakini kuna watu na vitu vinakatiza mbele, weka fokasi kwa mkono. Watu wengi hapa Kigoma hufanya kinyume, halafu lawama zote anabebeshwa mhariri.

Bibi harusi akiingia ukumbini, umbali haukai. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye f/1.8 (namba ya f ni upana wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni pana), kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24, na yeye akiwa mita 2 kutoka kwako, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 17 tu. Akisogea hatua moja, ameshatoka. Washa fokasi endelevu inayotambua uso, kisha punguza tundu hadi f/4 upate kama sentimita 38. Mwanga ukipungua, ongeza ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga. Chengachenga kidogo zinavumilika kuliko uso wenye ukungu. Shela ikifunika uso, kamera hupoteza macho na kurukia taa za mapambo nyuma yake. Chagua kisanduku kidogo cha kufuatilia, kisha mguse kifuani kwenye skrini.

Kwenye kamera nyingi mpya za Sony, kasi ya fokasi huanzia 1 hadi 7. Kwa msafara wa kuingia, 4 inatosha. Ukiweka 7, inaruka ghafla na mtazamaji anashtuka.

Zamu ya hotuba ni tofauti kabisa. Mzungumzaji amesimama palepale, ila mhudumu anapita na sinia, mtoto anakatiza, na mpiga picha za mnato anakuja kusimama mbele yako (huyo hakosekani). Otomatiki inamfuata kila mmoja. Weka kamera kwenye stendi, sogeza swichi ya lenzi kutoka AF (otomatiki) kwenda MF (mkono), kuza picha kwenye skrini mara 5 au 10, zungusha ringi mpaka nyusi zionekane moja moja, kisha acha. Tumia f/5.6: kwa mita 2 na lenzi ile ile unapata kama sentimita 54, kwa hiyo hata akiyumbayumba anabaki mkali. Angalia pia maikrofoni iliyo mbele ya mdomo. Ndiyo yenye kingo kali, na fokasi hupenda kuing'ang'ania.

Lenzi nyingi za zoom za bei nafuu hupoteza fokasi ukivuta picha karibu au mbali. Chagua kwanza ukubwa wa picha, ndipo uweke fokasi.

Anayenunua kamera ya mtumba aulize inapimaje fokasi. Inayotegemea utofauti wa mwanga na kivuli pekee haijui iende mbele au nyuma. Inapita sehemu sahihi ndipo inarudi, na picha inaonekana kama inapumua. Panasonic GH5 ya 2017 nayo hutegemea utofauti huo, ingawa ina mbinu ya kukisia upande wa kwenda, na kwa mambo mengine ni kamera nzuri sana. Dual Pixel, mfumo wa fokasi wa Canon ulioanza na 70D mwaka 2013, unajua upande wa kwenda, kwa hiyo hauyumbi sana.

Usiku ziwani mambo hubadilika. Taa za wavuvi wa dagaa ni nukta angavu kwenye giza, nazo hupanda na kushuka na mawimbi, hivyo otomatiki haina cha kushika. Tumia mkono: kuza taa moja kwenye skrini, zungusha mpaka iwe ndogo kabisa, kisha usiiguse ringi. Usiizungushe hadi mwisho ukidhani ndiyo mbali kabisa, kwa sababu lenzi nyingi za otomatiki huvuka alama hiyo.

Mchana, mwaloni Kibirizi, watu wakishusha mizigo huku na huku, lenzi ya milimita 24 kwenye f/8 iwekwe fokasi mita 2.4. Kila kitu kuanzia mita 1.2 hadi milima ya Kongo ng'ambo kitakuwa kikali, na hutagusa lenzi tena.

Hifadhi ya Gombe ndiko penye mtihani. Sokwe yuko nyuma ya majani, na kisanduku kipana kitachagua jani lililo karibu. Tumia nukta moja ndogo kabisa, au mkono pamoja na mistari ya rangi inayochora kingo zilizo kali. Kwa milimita 200, f/5.6 na umbali wa mita 10, una kama sentimita 84 za kuchezea. Anakaa, anakula: mkono. Akianza kutembea njiani kuja upande wako, rudisha otomatiki, kwa hiyo swichi ya AF na MF iwe chini ya kidole gumba tangu mnapoanza kupanda.