Siku Mbili Ndani ya Jimbo Moja

Karani wa tiketi pale stesheni ya Winnipeg aliniuliza mara mbili kama kweli sitaki chumba cha kulala. Safari ni ya siku mbili, akasema, na kiti ni kiti. Nikacheka kimoyomoyo. Mtu aliyewahi kukaa daraja la tatu kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, magunia ya vitunguu chini ya miguu na jogoo wa jirani juu ya kichwa, atishwe na kiti cha kulalia nyuma chenye foronya? Nikachukua kiti, nikapanda na chapati nane, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai ya tangawizi na ramani moja niliyoichapisha kazini.

Ramani ndiyo iliyonitoa nyumbani. Mwezi Aprili 2025 nilipiga kura kwa mara ya kwanza kama raia wa Kanada, na usiku ule tukakaa na shemeji yangu wa Bukavu kuangalia matokeo kwenye televisheni. Jimbo langu la mjini unaweza kulivuka kwa miguu kabla chai haijapoa. Lakini juu yake, kwenye ramani, kulikuwa na kipande kimoja kilichofunika karibu robo tatu ya mkoa wote wa Manitoba. Shemeji akadhani televisheni imekosea. Hapana, ni jimbo moja, linaitwa Churchill—Keewatinook Aski, na mbunge wake ni mmoja. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 494,000. Yaani Uganda mbili, au nusu ya Tanzania na chenji ikabaki.

(Wengi wetu huku tumezoea kuiita Manitoba yenyewe "jimbo". Humu nitaiita mkoa, ili neno jimbo libaki na maana ya nyumbani: eneo la mbunge.)

Treni iliondoka saa sita mchana. Siku ya kwanza sina mengi ya kusimulia: mashamba yaliyokwisha kuvunwa, tambarare kama meza, maghala ya nafaka. Nilipata muda wa kuisoma ramani na maelezo yake. Kila baada ya sensa ya miaka kumi, kila mkoa huundiwa tume ya watu watatu, mwenyekiti akiwa jaji, kuchora upya mipaka ya majimbo. Manitoba ina viti 14. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 1,342,153, kwa hiyo hesabu inataka kila jimbo liwe na watu karibu 96,000, na sheria inaruhusu kupungua au kuzidi kwa robo. Mjini penseli hufanya kazi mtaa kwa mtaa. Kaskazini penseli inaondoka pwani ya Ghuba ya Hudson kwenda kutafuta watu, inapita maziwa, inapita misitu, inashuka mpaka ufuko wa mashariki wa Ziwa Winnipeg, na hata hapo bado inapungukiwa. Nikawakumbuka watu wa kwetu Handeni wanaolalamika kwamba mbunge hafiki. Wangeiona hii.

Giza lilitukuta tukiwa tumeingia mkoa jirani wa Saskatchewan, maana reli inazunguka huko kabla ya kurudi Manitoba. Mpaka wa jimbo nililosafiri kwenda kuliona niliuvuka nikiwa nimelala, mdomo wazi. Nilishtuka usiku wa manane treni ikiwa imesimama The Pas. Jina limeandikwa hivyo lakini wenyewe hulitamka kama "po". Nikashuka kunyoosha miguu. Watu watatu walikuwa wanavuta sigara, kijana mmoja anabeba tairi la pikipiki ya matope begani. Ng'ambo ya mto ni ardhi ya Wakrii wa Opaskwayak, mojawapo ya jamii za Wenyeji wa Asili wa nchi hii. Nikamsalimu kijana wa tairi kwa neno pekee la Kikrii nililokuwa nalijua, "Tansi," naye akanijibu, kisha akaniuliza kwa Kiingereza kama nina kiberiti.

Usingizi ukawa umekatika, nikabaki na historia. Mwaka 1670 mfalme wa Uingereza aliigawia kampuni ya biashara ya ngozi ardhi yote ambayo mito yake inamwagika Ghuba ya Hudson, ardhi ambayo hakuwahi kuiona na iliyokuwa na wenyewe. Karne mbili baadaye, 1870, ikawa ya Kanada. Manitoba ya mwanzo ilikuwa mraba mdogo kusini, watu wakaubeza kwa kuuita stempu. Ukaongezwa 1881, ukaongezwa tena 1912 mpaka kufika ghubani. Katikati ya hayo, mwaka 1875, ulianza kutiwa saini Mkataba wa Tano, ambao kwao serikali ilichukua nchi ya Wakrii na Waojibwe na kuwaachia maeneo ya hifadhi. Reli hii niliyokuwa nimepanda ilifika Churchill 1929, bandari ikafunguliwa 1931. Na mwaka 1933 bunge likaunda jimbo la Churchill, sehemu kubwa ikitoka kwenye jimbo la zamani lililoitwa Nelson. Kura ya kwanza ikapigwa 1935.

Hapa ndipo nilipoacha kutafuna chapati. Mbunge wa kwanza alikuwa Thomas Crerar wa chama cha Liberal, mkulima wa zamani aliyekwisha kuwa mtu mzito wa siasa. Alipochaguliwa akapewa uwaziri, na wizara yake ndiyo iliyokuwa na dhamana ya mambo ya Wenyeji wa Asili nchi nzima. Alishika nafasi hiyo miaka kumi. Ina maana mtu aliyeamua habari zao alikuwa pia mbunge wao, na wao wakiwa ndani ya mipaka ya jimbo lake, walio chini ya mikataba hawakuruhusiwa kumpigia kura wala kumnyima, ila wachache sana waliokidhi masharti. Aliyetaka kura alitakiwa kwanza aukane uenyeji wake kisheria. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1960. Tanganyika ilikuwa inajiandaa kwa uhuru.

Kulipokucha, nchi ilikuwa imebadilika. Misonobari imekuwa myembamba kama fagio zilizosimamishwa kichwa chini, katikati yake madimbwi ya maji meusi. Kuna sehemu ndefu zilizoungua. Mwaka huo moto wa misitu uliwahamisha watu wa Flin Flon na vijiji vingi, na wengine tuliwaona Winnipeg wakilala kwenye kumbi za michezo. Kando ya reli zimesimama nguzo za zamani za simu, kila moja imefungwa miti mitatu ikaegemezana kama mafiga yaliyorefuka. Ardhi yenyewe ni tope na barafu ya chini isiyoyeyuka, nguzo moja ukiichimbia leo, kesho inainama. Reli nayo hivyohivyo. Treni inatembea kwa adabu, inayumba kama jahazi, na kikombe changu cha chai kilijifunza kutembea peke yake mezani.

Thompson tulifika mchana na tukasimama kwa muda wa saa tano. Nikakodi teksi. Mji huu haukuwapo kabisa: nikeli iligunduliwa 1956, mji ukachongwa msituni, ukapewa jina la mwenyekiti wa kampuni ya madini. Leo una watu elfu kumi na tatu hivi, na ndio mji mkubwa kuliko yote jimboni. Kinu cha kuyeyushia nikeli kilifungwa 2018, lakini machimbo yanaendelea. Kwenye ukuta wa jengo moja la ghorofa kumi wamechora mbwamwitu mkubwa kiasi kwamba nilimwona kabla sijaona maduka. Hapa ndipo alipozaliwa Niki Ashton wa chama cha NDP, aliyechukua kiti 2008 akiwa na miaka 26 na kukikalia mpaka 2025. Siku ile ya Aprili aliangushwa na Rebecca Chartrand wa Liberal, mwanamke wa Waanishinaabe, ambaye hakukaa hata mwezi akateuliwa waziri wa mambo ya kaskazini. Miaka tisini baada ya Crerar, kiti hichohicho kikawa tena na waziri, na safari hii waziri akawa mwenyeji.

Wakati wa kuondoka, saa kumi na moja jioni, behewa lilijaa vitu. Maboksi ya maziwa, nepi, magunia ya viazi, televisheni imefungwa blanketi. Kiti cha mbele yangu akakaa bibi mmoja wa Kikrii, kichwani kofia ya kusuka, mapajani boksi la mayai alilolishika kama mtoto mchanga. Alikuwa anarudi Pikwitonei, kijiji cha relini ambako gari haliendi isipokuwa majira ya baridi, barafu inapokuwa barabara. Nikamkaribisha chapati. Akaikunja, akaonja, akasema hii ni ndugu yake baniki, mkate wao wa sufuria. Toka hapo akaniita "mwanangu".

Nikamweleza kwamba niliwahi kuwa karani kituo cha kupigia kura kwetu, na kwamba sanduku lilifika kwa bodaboda. Akacheka mpaka mayai yakagongana. Huku, akasema, masanduku ya vijiji vya mbali huruka na ndege ndogo, na ukungu ukishuka, demokrasia inasubiri uwanjani na mizigo mingine. Kisha akatulia. Mama yake alipiga kura mara ya kwanza 1962. Alivaa gauni la kanisani na glavu nyeupe, akatembea na dada zake wanne. Aliporudi nyumbani mumewe akamuuliza amempa nani. Mama akajibu kwamba ameambiwa ni siri, na hakumwambia hadi anakufa.

"Mpaka leo hatujui," bibi akasema. "Baba aliumia sana."

Tukafika kwa Elijah Harper, kama kila anayezungumza siasa za huku anavyofika. Alikuwa mtu wa Red Sucker Lake, huko mashariki kwenye maziwa. Juni 1990 alikuwa mjumbe wa bunge la mkoa, na serikali zilitaka kupitisha haraka mapatano ya kubadili katiba ya nchi, yaliyoitwa ya Meech Lake, ambayo Wenyeji wa Asili hawakuwa wameshirikishwa. Ili kuruka utaratibu wa kawaida ilihitajika ridhaa ya wajumbe wote, bila hata mmoja kukataa. Harper alikaa kwenye kiti chake, unyoya wa tai mkononi, na kila alipoulizwa akasema hapana. Muda ukaisha, mapatano yakafa. Miaka mitatu baadaye akagombea kiti cha Churchill na akashinda.

"Hakupandisha sauti," bibi alisema. "Sisi tulikuwa tumezunguka redio. Mjomba alikuwa anasema, sasa watamtisha, sasa atakubali. Unasikia sauti ndogo: hapana."

Pikwitonei tulifika usiku. Hakuna jukwaa la maana. Wafanyakazi waliweka ngazi ndogo, vijana wakaja na magari ya matope kupokea mizigo. Nilimshushia boksi la mayai. Aliyahesabu palepale kwenye mwanga wa treni, akaona yote mazima, akanipungia. Nikarudi ndani. Karibu na Gillam ziliwaka taa nyingi kuliko mji wenyewe unavyostahili, ni mabwawa ya umeme ya Mto Nelson. Umeme ninaopikia Winnipeg unatoka huku, na maji yaliyozuiwa yalifunika makaburi na sehemu za uvuvi. Mkataba wa fidia na jamii tano ulitiwa saini 1977 na mabishano yake hayajaisha.

Saa tatu asubuhi, Churchill. Nilikuwa nimekuja wakati ambao mtalii mwenye akili hawezi kuja: nyangumi weupe wa Agosti wameshaondoka, dubu wa Oktoba hawajajikusanya. Miti imebaki na matawi upande mmoja tu, upepo umeunyoa upande wa pili. Watu ni 870, barabara ya kutoka hakuna. Mei 2017 mafuriko yalikata reli na mji ukaishi kwa ndege mpaka mwishoni mwa 2018. Mwenye duka moja alinionyesha kidole bei ya jagi la maziwa, kisha akainua kidole juu zaidi kuonyesha ya wakati ule. Magari hayafungwi milango. Dubu akitokea, unaingia gari lolote lililo karibu.

Niliomba kupelekwa nje kidogo ya mji, mahali panapoitwa Kijiji cha Wadene. Kuna jiwe la kumbukumbu na misingi ya nyumba inayomezwa na nyasi. Mwaka 1956 serikali iliwapakia Wadene wa Sayisi kwenye ndege, zaidi ya 250, wawindaji wa paa wa kaskazini, ikawatupa Churchill bila nyumba za kueleweka. Kwa miaka isiyofika ishirini wakafa zaidi ya 100, kwa baridi, moto, ulevi na kukata tamaa. Walikuwa ndani ya jimbo, na kwa miaka minne ya mwanzo wengi hawakuwa hata na kura. Mwaka 1973 waliobaki wakajiondokea wenyewe kurudi bara, Tadoule Lake. Serikali iliomba radhi 2016. Dereva wangu hakuzima injini muda wote niliokuwa nimesimama pale, kwa ajili ya dubu, alisema.

Jioni shemeji akapiga. Akataka kujua kama nimefika mwisho wa jimbo, ili tufunge ubishi. Nikaifungua ramani juu ya kitanda cha nyumba ya wageni, nikaweka kidole Churchill. Mstari ulikuwa bado unapanda pwani mpaka latitudo ya 60, halafu unakata magharibi, unapita juu ya Tadoule Lake, juu ya Lac Brochet, huko ambako hakuna treni.

"Bado," nikamwambia. "Kilichoisha ni reli."