Bendi ya PR-1 imetoka, kumbe shida ilikuwa joto

Imetoka jamani! Bendi (mstari wa protini kwenye jeli) ya PR-1, protini ya kujikinga ambayo mmea hutengeneza ukishambuliwa, pale pale kwenye kilodaltoni 15 hivi (kipimo cha uzito wa protini), kwenye tumbaku niliyoipaka TMV, kirusi cha mozaiki ya tumbaku, na ile niliyoipaka bafa tupu (myeyusho usio na kirusi) haina kitu. Wiki sita naitafuta hii bendi.

Mwanzo nilikuwa nasaga jani zima, kosa kubwa, maana rubisko, protini iliyo nyingi kuliko zote kwenye jani, inajaa kila mahali na kile kipande chake kidogo kinakaa karibu kabisa na PR-1, sasa utajuaje kipi ni kipi? Nikaacha kusaga. PR-1 inamwagwa nje ya seli, kwa hiyo nikazamisha majani kwenye bafa, nikanyonya hewa kwa pampu mpaka yakalowa yakawa kijani kizito, nikayafuta, nikayakunja ndani ya bomba la sindano nikazungusha polepole kwenye sentrifuji. Maji yanatoka masafi, rubisko karibu hakuna. Kwa kazi hii bomba la sindano la plastiki sibadilishi na kitu kingine.

Na bado bendi hamna! Nimebadilisha rangi ya kuonyeshea protini, nimemwaga jeli upya mara nne, nimelaumu bafa. Kumbe jibu liko kwenye majani ninayoyaangalia kila siku: hayana madoa makavu, yana mabakabaka ya mozaiki. Mimea yangu ina jeni N, ile inayotambua replikesi ya kirusi (kimeng'enya chake cha kujinakili) na kuua seli za pale kilipoingilia kisisambae. Joto likipita nyuzi 28 jeni N inalala, madoa na PR-1 havitoki, na chumba changu mchana kinafika 31. Nikahamishia mimea ileile kwenye nyuzi 22, kesho yake imenyauka yote, maana kirusi kilishaenea na seli zikajiua kila mahali kwa mpigo. Iliniuma sana, ila ndo ushahidi wenyewe. Mimea mipya kwa 22: madoa siku ya tatu, nikavuna ya saba, bendi hiyo.

Mpango ulikuwa sasa nichukue sampuli kila masaa 12 nione PR-2 na PR-3, protini nyingine za kujikinga, zinaanza lini, lakini tangu 1979 inajulikana aspirini peke yake, bila kirusi chochote, inaamsha protini hizi kwenye tumbaku, kwa kuwa ni ndugu wa asidi ya salisili ambayo mmea unajitengenezea ukishambuliwa. Ratiba nimeiweka kando. Jioni hii nimedunga majani matano aspirini, pH (kiwango cha asidi) nimeshairekebisha yasiungue.