Chakula cha usiku kikichosha, badilisha moto kabla ya mapishi

Anayepika chakula cha usiku kila siku anaujua uchovu fulani usiotokana na kusimama jikoni. Ni uchovu wa kuamua. Ukifika muda wa kuwasha jiko, kichwa kimeshaamua mambo ya kutwa nzima, ya kazini na ya nyumbani, na sasa kinatakiwa kiamue tena watu sita wale nini. Kwangu, kati ya hao sita yupo mama mkwe mwenye meno machache na yupo mtoto asiyetaka vyakula vigusane kwenye sahani. Katika hali hiyo mkono unakwenda kwenye ulichokizoea, na kesho yake unakwenda hapo hapo. Baada ya muda nyumba nzima inakula bila kuinua macho.

Nilipoiona hali hiyo mezani kwangu nilitafuta mapishi mapya, kama wafanyavyo wengi. Yapo tele, na baadhi ya niliyoyapika yalikuwa matamu kweli. Lakini mapishi mapya yana madai yake. Yanataka viungo usivyokuwa navyo, unanunua chupa nzima kwa ajili ya kijiko kimoja. Yanataka saa nzima ambayo jioni haina. Na yakifika mezani, watoto wanayatazama kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi. Unayapika mara moja, wiki inayofuata umerudi kwenye yale yale.

Kilichonisaidia kilikuwa kalenda ya ukutani. Kwa majuma kadhaa niliandika kila usiku tumekula nini, na pembeni nikaandika kimepikwaje. Majina ya vyakula yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani: kuku, dengu, maharage, mayai, samaki, kabichi, viazi, biringanya. Nyumba yetu haikuwa na upungufu wa vyakula hata kidogo. Kilichojirudia kilikuwa yale maneno ya pembeni. Karibu kila kitu kilipita njia moja: kitunguu kwenye mafuta, nyanya juu yake, kisha chenyewe, maji kidogo, funika, punguza moto. Aliyekula kuku Jumatatu na dengu Jumanne alikuwa amekula mchuzi mmoja siku zote mbili.

Tangu hapo nimeshika jambo moja na silegezi: familia iliyochoshwa na chakula chake, kabla haijaletewa vitu vipya, ipikiwe kwa njia nyingine vile vile inavyovila.

Njia ya kwanza niliyoibadilisha ni moto wenyewe. Maji yanachemka kwenye nyuzijoto 100, na maadamu yamo ndani ya sufuria, chakula hakipandi sana juu ya hapo. Ule wekundu wa kahawia tunaoupenda kwenye nyama ya kuchoma na kwenye maganda ya mkate unaanza kujitokeza vizuri kwenye nyuzijoto kama 140 hivi, pale protini na sukari zilizomo kwenye chakula zinapokutana na kuzaa harufu na ladha ambazo hazikuwapo mwanzo. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeueleza mwingiliano huo mwaka 1912, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kwa mpishi wa nyumbani maana yake ni nyepesi: kinachoogelea kwenye mchuzi hakiwezi kupata ladha hiyo. Kikaushe kwanza, kikutane na kikaango chenye moto, halafu kiache. Usikigeuzegeuze.

Nilianza na kabichi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inabaki kwenye sahani. Badala ya kuikatakata nyembamba, niliikata mapande mazito kama kidole gumba, kiini kikibaki ili majani yasisambaratike. Mafuta kidogo, kikaango kiwe moto kweli, mapande yawekwe yasibanane, kwa sababu yakibanana yanatoa mvuke na unarudi kwenye kuchemsha. Ukisikia harufu ya utamu, geuza. Upande wa chini utaukuta umeiva rangi ya kahawia, kingo zimekauka. Chumvi, pilipili manga, na ndimu mwishoni. Mtoto wangu wa kati alikula pande lake akauliza, "Mama, hii nayo ni kabichi?" Nilifurahi kuliko siku niliyowapikia sherehe.

Baada ya hapo nikaenda kwenye maharage. Yachemshe mpaka yaive kama kawaida, yachuje, yatandaze kwenye kitambaa safi yakauke juu. Kisha yakaange kwa mafuta machache mpaka ngozi zianze kupasuka, vitunguu swaumu viingie dakika ya mwisho kwa sababu vikitangulia vitaungua na kuwa vichungu. Nje yanakuwa makavu, ndani laini. Tunayala na mboga za majani mbichi zilizokatwa, na wali ukiwepo ni sawa, usipokuwepo pia ni sawa. Na kwa siku unazotaka maharage ya mchuzi, nyanya isitangulie. Uchachu wake unachelewesha maharage kulainika, kwa hiyo isubiri mpaka yaive kabisa.

Viazi navyo vinapenda moto mkavu. Vichemshe na maganda yake, vimwage maji, viache vikauke kwa mvuke wake mwenyewe, uvibonyeze kwa kitako cha kikombe mpaka vitandike, kisha kwenye oveni au kwenye kikaango. Sina la kuongeza hapo, vipike tu uone.

Jambo la pili ni kinachotokea chakula kikishaiva. Wengi tunaacha kupika pale tunapozima jiko, na mimi nadhani sehemu kubwa ya upya inapatikana baada ya hapo. Kitu kichachu na kitu cha kutafuna. Kitunguu kilichokatwa nyembamba na kulala kwenye siki na chumvi wakati chakula kinaiva. Karanga au ufuta uliokaangwa mkavu na kutwangwa kidogo, usiwe unga. Majani mabichi ya giligilani. Dengu iliyopikwa vile vile kama ya wiki iliyopita, ikiwekewa vitunguu vya siki juu na karanga pembeni, inaliwa mpaka sufuria inakwanguliwa. Dengu yenyewe sijaigusa.

Kuna sababu ya kimwili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Barbara Rolls na wenzake walionyesha kwamba mtu anapokula kitu kimoja, hamu yake juu ya kitu hicho inapungua haraka kuliko hamu yake juu ya vyakula vingine ambavyo hajavionja kwenye mlo huo. Ndiyo maana mtu anasema ameshiba wali, kisha likija tunda analila. Nilipolielewa hilo niliacha kujaza sahani kwa kitu kimoja kikubwa. Napika kilekile, ila pembeni naweka vitu viwili vidogo vinavyotofautiana nacho: cha baridi kwa cha moto, kikavu kwa laini, kichachu kwa chenye mafuta. Kazi inayoongezeka ni ya kisu tu, hakuna sufuria ya ziada.

Mama mkwe wangu alikuwa na malalamiko yake, na aliyasema kwa upole: chakula hakina ladha siku hizi. Jibu rahisi lilikuwa kuongeza chumvi, nami sikulitaka. Uwezo wa kunusa hupungua kadiri umri unavyokwenda, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha hupitia puani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na kiasi hicho kinahesabu hata chumvi iliyomo kwenye mkate na vyakula vya pakiti. Kwa hiyo kwenye sahani yake naongeza harufu: tangawizi iliyokwanguliwa wakati wa kupakua, maganda ya limau, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa papo hapo. Juzi aliniambia, "Mwanangu, leo nimekula." Anayemjua anajua hiyo ni sifa kubwa.

Sasa watoto. Hapa ndipo wazazi wengi wanakata tamaa mapema, na ninawaomba wasikate. Mtoto kukataa chakula asichokijua ni jambo la kawaida, hasa kati ya umri wa miaka 2 na 6, na halimaanishi amedeka wala umelea vibaya. Watafiti wa ulaji wa watoto wamekuta kwamba mara nyingi mtoto anahitaji kukutana na chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali. Wazazi wengi huacha baada ya mara chache tu. Kwetu biringanya ilikaa mezani muda mrefu bila kulazimishwa kwa mtu. Kitindamimba aliitazama, baadaye akainusa, siku nyingine akaiweka mdomoni akaitoa. Sikusema neno. Masharti yangu ni kwamba kila usiku pawe na kitu kimoja ambacho najua atakila, ili asilale njaa na ili kile kigeni kisiwe vita. Sasa anaila ile iliyochomwa, ya mchuzi bado, na hilo ni haki yake.

Nilijaribu pia ratiba za mwezi mzima, zile zinazosema tarehe fulani samaki na tarehe fulani nyama. Sizipendi. Zinavunjika siku ya kwanza samaki akikosekana, na zinamnyima mpishi nafasi ya kutumia kilichopo. Ninachoandika kwenye kalenda sasa ni aina ya usiku: usiku wa mayai, usiku wa kikaango, usiku wa supu, usiku wa kula kwa mikono, usiku wa mabaki. Aina hiyo inapunguza uamuzi bila kuufunga. Usiku wa mayai unaweza kuwa kimanda kilichojaa viazi vya jana, au mayai yaliyopasuliwa juu ya nyanya zilizopikwa na pilipili, au mayai ya kuchemsha yaliyokatwa juu ya mboga. Akili yangu ya saa kumi na mbili jioni inaweza kuchagua kati ya vitatu. Haiwezi kuchagua kati ya vyote vilivyomo duniani.

Usiku mmoja kwa wiki ni wa watoto, kwa zamu. Mwenye zamu anafungua friji na kabati, anachagua, na mimi napika naye. Sharti ni kutumia angalau kitu kimoja kilichomo ndani ya nyumba ambacho hatujakigusa kwa muda. Mkubwa wangu, ambaye yuko kwenye ule umri wa kujibu kwa neno moja moja, huongea sana usiku wake. Alitaka tambi zikaangwe badala ya kuchemshwa tu, nikamwambia tuzichemshe kwanza tuzichuje, kisha tuzitandaze kwenye kikaango na yai mpaka zishikane. Zilishikana. Tulizikata vipande kwa kisu, na tangu hapo zinaitwa kwa jina lake.

Usiku wa mabaki unahitaji uangalifu, hasa wali. Vijidudu viitwavyo Bacillus cereus vinaweza kuwamo kwenye mchele kwa hali ya mbegu zinazovumilia kuchemshwa, na wali ukiachwa na uvuguvugu kwa muda mrefu vinazaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Wali unaobaki nautandaza kwenye sinia upoe upesi, unaingia kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu uive, na kesho yake unaliwa au unatupwa. Ukishapoa hivyo ndio wali bora wa kukaanga: punje zimekakamaa, hazishikani, zinageuka vizuri kwenye kikaango na mboga zilizokatwa ndogo. Wali wa moto ukiukaanga unakuwa bonge.

Kwenye mabadiliko yote haya, kipo chakula kimoja nilichokatazwa. Ijumaa tunakula wali na kuku wa mchuzi, ule ule wa kitunguu na nyanya nilioanza nao. Nilipotaka kumkausha kuku yule kwenye oveni, baba watoto alinyamaza, lakini watoto wote watatu walipinga, na mama mkwe akawa upande wao. Wakaniambia Ijumaa niiache. Nimeiacha. Kuku wa kuoka amehamia Jumatano, na mifupa yake inachemshwa Alhamisi kwa ajili ya supu.