Pijo ya Baba juu ya mawe

Nilipofungua mlango wa nyuma wa Pijo, aliruka jogoo. Nyuma yake wakatoka mitetea watatu, na wa nne akabaki ameatamia mayai kwenye siti ya kati, ananitazama kama mimi ndiye niliyevamia kwake. Na kweli mgeni nilikuwa mimi. Miaka kumi na minne Sharjah, nimerudi Pangani na masanduku mawili na mgongo unaouma, na baada ya kuzuru kaburi la Baba, kitu cha kwanza nilichokwenda kukiangalia ni gari lake chini ya mwembe.

"Usiwasumbue hao," Mama akanipigia kelele toka jikoni. "Wakihama hapo watalala wapi?"

Lilikuwa juu ya mawe, kwa maana zote mbili. Ekseli zimekalia vipande vya matumbawe, matairi yameshauzwa, na upepo wa chumvi umefanya kazi yake miaka yote hiyo. Nilibonyeza sakafu upande wa dereva kwa kidole gumba, kidole kikatokea chini. Wanunuzi wa vyuma chakavu walishakuja mara tatu na mizani yao. Mama aliwafukuza, akiwaambia mwenyewe yupo safarini. Sikuuliza mwenyewe ni nani, mimi au marehemu.

Kwa vijana mnaodhani gari kuukuu ni Corolla 110: hii ni Peugeot 404 ya familia, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, na 404 za kwanza zilitoka kiwandani Ufaransa mwaka 1960. Injini ni ya cc 1618, nayo haikusimama wima kama nyingine, imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Gia ziko kwenye usukani. Betri ikikufia unachomeka hendeli mbele, unazungusha kama anayechota maji kisimani, linawaka.

Baba alilinunua mkononi kwa meneja wa shamba la mkonge mwaka 1979, vita vya Kagera vikiwa vimetuachia nchi isiyo na mafuta wala vipuri. Akalifanya la abiria, Pangani kwenda Muheza, barabara ya vumbi na mashimo. Gasketi alikata mwenyewe kwa boksi la viatu. Ukimwuliza kwa nini hakutafuta Land Rover kama watu wengine wenye akili, alikuwa anakupa somo la Safari Rally, enzi zile ilipokuwa ikipita nchi zetu zote tatu. Nick Nowicki kashinda na 404 mwaka 1963. Bert Shankland, mkazi wa hapa hapa Tanzania, kabeba 1966 na 1967 mfululizo. Mwaka 1968 karudi Nowicki, mvua na matope mpaka magari saba tu yakafika mwisho, na la kwanza lilikuwa 404. "Shankilandi" alimtaja kama mtu aliyewahi kula naye ugali. Sidhani kama walionana hata siku moja.

Sasa nieleze lilivyokufa, maana hapo na mimi nimo.

Difu, yale meno ya ekseli ya nyuma yanayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, nyingi ni chuma kwa chuma. Ya 404 ina skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba lenye meno. Ni difu tulivu, haivumi, ila haitaki mafuta ya kubahatisha. Mafuta makali ya difu za kawaida huwa na kemikali za salfa, na salfa inaila shaba polepole. Gereji moja ilimbadilishia Baba mafuta bila kuuliza wala kuulizwa. Baada ya muda akafungua nati ya chini, mafuta yakamwagika yanameremeta kama yametiwa vumbi la dhahabu. Hayo ndiyo meno yenyewe yanaondoka.

Akanipigia simu, mwaka 2012. Wakati huo niko kwenye gereji eneo la viwanda Sharjah, napiga rangi magari ya watu. "Baba," akaniambia, kwa lile neno analomwita mwanawe akiwa na shida, "huko Uarabuni hakukosekani kitu. Nitafutie difu ya 404."

Nikacheka. Nikamwambia, Mzee, gari gani hilo la kutafutiwa shaba karne hii? Tulia nikutumie hela ununue Noah.

Akasema sawa. Difu sikuitafuta. Na hela ya Noah sikuituma.

Siku ya pili baada ya kurudi nilifungua kile kisanduku cha dashibodi. Kulikuwa na kaunta buku iliyotafunwa pembe na panya, mwandiko wa Baba wa herufi zilizosimama wima. Kila kitu kimo: plagi lini, pointi lini, grisi lini, nani anadaiwa nauli. Mstari wa mwisho alioandika ulikuwa hivi: *Difu mbovu. Kijana anatafuta.*

Alikufa 2019. Ina maana miaka saba mimi nilikuwa natafuta.

Nikamfuata Mjomba, kaka yake Mama, ambaye ndiye aliyekuwa akiifungua Pijo na kuifunga tangu nikiwa chekechea. Macho yake sasa hayaoni vizuri, anafanya kazi kwa vidole. Tulihamishia kuku kwenye banda jipya (Mama alisimamia, na hakuridhika nalo), tukatoa plagi zote nne, akamimina kwenye kila tundu mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya gia za otomatiki. "Hiyo tuiache," akasema. "Injini iliyolala hivi haivutwi, inaombwa." Siku sita. Kila jioni anakuja, anaweka hendeli, anaisukuma kidogo tu kwa kiganja, anaenda zake. Mimi niliyezoea Sharjah, gari linaingia asubuhi linatoka jioni, nilikuwa karibu kulia. Siku ya saba hendeli ikasogea upana wa vidole viwili, ikatoa sauti kama mtu anayeguna usingizini. Mjomba akaifuta mikono yake na suruali. "Imeamka."

Kabureta tuliifungua na kuichemsha. Tangi tulilitia kokoto na petroli, tukalitikisa watu wawili mpaka ikatoka kitu kama asali iliyoungua. Nyaya zote panya walishakula, nikavuta mpya. Masta ya breki ilikuwa na vishimo ndani, fundi wa kukereza pale Tanga mjini akaitoboa na kuitia bomba jipya la ndani.

Ugomvi ulikuja kwenye bodi. Hiyo ndiyo kazi yangu, ndugu zangu, ndiyo iliyonipa mkate miaka yote. Nilikuwa na picha kichwani: kuikwangua yote mpaka chuma, pati, msasa, primer mbili, rangi mpaka ujione uso. Sharjah wana makumbusho ya magari ya kale, nilikwenda mara moja siku ya mapumziko. Magari yanang'aa kama vikombe vya chai vya wageni. Yamezungushiwa kamba. Unayapita yote husikii harufu ya petroli.

Mjomba akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Na Baba yako alipougonga huu ubavu pale kona ya Muheza, hilo nalo utalifuta?"

Tulikubaliana nusu kwa nusu. Palipooza nilikata, nikachomelea bati la geji 18, sakafu yote na vizingiti vyote viwili. Palipo bati jipya nilipiga rangi. Kwingine niliosha na kusugua tu. Matokeo yake Pijo ina mabaka kama ng'ombe wa Kimasai, na kama fundi rangi naona aibu kusema mbele za watu kwamba hiyo ni kazi yangu. Nilitaka pia kurekebisha bawaba za mlango wa nyuma kushoto, ambao tangu ajali ile haufungi mpaka uuinue kidogo. Baba alikuwa akiwaambia abiria kila siku, "Inua kwanza, ndipo ubamize." Mjomba akanikatalia. Basi, nikaacha.

Difu ilibaki. Nilipiga simu Moshi, Arusha, Mombasa. Jamaa zangu wa Sharjah nao niliwasumbua, miaka kumi na kidogo nikiwa nimechelewa. Mwishowe tuliipata kilomita chache tu toka nyumbani, chini ya tela la kubebea maji linalovutwa na punda. Mwenyewe aliunganisha ekseli nzima ya 404 na tela lake zamani, wala hakuwahi kufungua difu, ya nini? Tela halina injini. Nilipolala chini na kufungua nati, mafuta yakatoka meusi, mazito, bila hata chembe inayometa. Meno mazima! Nilimnunulia ekseli ya pikapu ya Kijapani na matairi mawili juu, na bado anaamini amenipiga. Mwacheni aamini.

Habari za kadi ya gari sitaziandika. Mwenye gari akiwa marehemu, bila barua ya msimamizi wa mirathi toka mahakamani hakuna anayekusikiliza, na hiyo ni safari nyingine ndefu kuliko ya Muheza.

Jumamosi iliyopita tuliiwasha kwa hendeli, kwa sababu Mjomba alitaka iwe hivyo. Moshi wa bluu ukajaa chini ya mwembe, kuku wakatawanyika. Mama akatoka amejifunga leso mpya, hakutazama injini wala mabaka, akaenda moja kwa moja siti ya kati, akapangusa kwa kiganja mahali yule mtetea alipokuwa akiatamia, akakaa. Nikatia gia ya kwanza. Kitu cha kwanza nilichosikiliza ni difu, na sikusikia kitu.

Tulikuwa tunaelekea mtoni, kwenye pantoni. Karibu na sokoni mzee mmoja mwenye kapu la samaki akanyoosha mkono, bila haraka, kama anavyosimamisha gari analolijua. Nikasimama.

"Muheza?" akauliza.

"Hapana, Mzee. Leo naishia pantoni tu."

"Haya, nishushe hapo hapo pantoni." Akasukuma kapu lake ndani, akamwamkua Mama kwa kumtajia jina la mwanawe wa kwanza, akapanda. Nikageuka kumwambia habari ya mlango. Alishauinua, akaubamiza.