Siku moja maishani mwangu: kutoka kaunta ya jibini hadi Camembert la kukaanga

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla ya kutoka nyumbani ninakata slesi za mikate midogo iliyobaki tangu juzi, ninazipanga kwenye trei na kuziacha karibu na kipasha joto ili zikauke kabisa. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya mlo wa jioni, gebackener Camembert, yaani jibini laini linalovikwa chenga za mkate na kukaangwa, ambalo katika mikahawa mingi ya hapa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, ni tegemeo la mgeni asiyekula nyama. Leo mama mkwe anakuja kula kwetu, na mlo huu ameula tangu utotoni, kwa hiyo nataka kila hatua ifanyike inavyostahili.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ninaanza zamu kwenye kaunta ya jibini ya duka la vyakula mjini Kempten, mji mkubwa kuliko yote katika eneo la Allgäu. Watu wengi hudhani kwamba eneo hili lilikuwa la ng'ombe na malisho tangu zamani, ilhali wakulima wake waliishi sana kwa kitani hadi karne ya 19. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 mkulima wa hapa, Carl Hirnbein, alileta kutoka Ubelgiji utaalamu wa kutengeneza jibini laini la Limburger, mashamba yakageuka malisho, na mwaka 1908 kiwanda cha jibini laini kikaanzishwa Heising, jirani kabisa na Kempten. Ninapopanga Camembert kwenye barafu, ninapanga kazi ya eneo hili hili.

Saa nne asubuhi. Mteja mmoja kijana ananieleza kwamba kila akikaanga Camembert, jibini humwagikia kwenye mafuta na kubaki ganda tupu. Namuuliza kwanza alinunua jibini la umri gani, kwa sababu naamini kwamba mlo huu hufaulu au huharibika hapa kaunta, kabla mafuta hayajawekwa jikoni. Ukungu mweupe wa Camembert hukua juu ya ngozi, na vimeng'enya vyake hulainisha jibini kuanzia nje kuelekea katikati. Jibini changa likikatwa huonyesha kiini cheupe na kigumu kidogo, huku lililoiva likiwa limelegea lote na tayari kutiririka hata bila moto. Kwa kula na mkate, chukua lililoiva. Kwa kukaanga, chukua lile ambalo tarehe yake ya mwisho bado iko mbali na ambalo ukilibonyeza katikati kwa kidole gumba halibonyei kwa urahisi.

Ananiuliza pia kuhusu mafuta ya jibini, maana kwenye karatasi ameona asilimia 50 na akaogopa. Namweleza kwamba hesabu hiyo hufanywa baada ya kuondoa maji, na kwa kuwa takriban nusu ya Camembert ni maji, mafuta halisi ni kama robo ya uzito wake. Lile la asilimia 60 ni tamu, lakini hulegea upesi zaidi likipata joto. Kwa kikaango ningechagua la 45 au 50. Tena ningechukua majibini madogo ya gramu 125, niyakaange mazima. Kila mahali kisu kinapopita huondoa ngozi, na ngozi ndiyo ukuta wa kwanza unaozuia jibini lisitoroke.

Saa nane na nusu mchana zamu inaisha, nami ninarudi nyumbani na jibini langu ndani ya mfuko wa baridi.

Saa kumi jioni. Nimeshazisaga slesi kavu, nazo zimekuwa chenga za kadiri. Chenga laini mno hutoa ganda zito lisilo na mlio mdomoni. Ninapanga sahani tatu: unga wa ngano, mayai yaliyopigwa kwa chumvi kidogo, na chenga. Jibini linatoka kwenye friji na kupanguswa unyevu wote, kisha linagaragazwa kwenye unga, linakung'utwa, linachovywa kwenye yai na kufunikwa chenga. Aliyewahi kutengeneza katlesi anajua kwamba mkono mmoja hubaki na vitu vikavu na mwingine na yai. Baada ya hapo narudia yai na chenga mara ya pili, nikizungusha pembeni kote kwa uangalifu, kwa maana ufa mwembamba wa pembeni ndio mlango wa jibini likishayeyuka. Siharakishi hatua hii hata kidogo.

"Mama, kwa nini tusikaange sasa hivi?" binti yangu anauliza anaponiona nikirudisha sahani kwenye friji.

"Subiri kidogo, mwanangu. Chenga zinatakiwa zishikane na yai, na jibini liwe baridi hadi ndani, ili ganda liive kabla katikati hapajawa maji."

Jibini litakaa humo si chini ya nusu saa. Wakati huo ninaosha saladi na kufungua chupa ya jemu ya Preiselbeeren, matunda madogo mekundu ya misituni yenye uchachu na ukakasi. Yana asidi ya benzoiki kiasili, ndiyo maana huhifadhika vizuri. Kwangu hayawezi kuachwa: bila uchachu huo, mafuta ya jibini huchosha ulimi upesi.

Saa kumi na mbili na nusu jioni. Ninayeyusha samli kwenye sufuria yenye kina, maana siagi ya kawaida ingeungua, na kungoja ifike nyuzi 170 hivi. Asiye na kipimajoto achovye ncha ya mwiko wa mti, na viputo vikianza kupanda kuuzunguka, samli iko tayari. Ninakaanga mawili mawili tu, kwa sababu jibini baridi hushusha joto, na samli isiyo moto wa kutosha huloweka ganda badala ya kulikausha. Kila upande hupata kama dakika mbili, hadi rangi iwe ya dhahabu. Nikiona kiputo cha jibini kinajitokeza pembeni, nalitoa hapo hapo bila kusubiri.

Saa moja usiku. Mama mkwe anapasua ganda kwa kisu, jibini linatoka polepole na kusimama kando ya jemu. Anakula kimya, kisha anaomba la pili na kipande cha mkate cha kupangusia sahani.

Saa mbili na nusu usiku. Ninachuja samli iliyopoa ili chenga zilizobaki zisiunguze mapishi mengine. Nilinunua pia Camembert moja lililoiva kupita kiasi, na hilo sikuligusa; kesho nitalipondaponda pamoja na siagi, kitunguu na unga wa pilipili nyekundu isiyowasha, liwe Obatzda ya kupaka kwenye mkate wa mchana.